Nimezuia matangazo kwenye apu ya muziki, sasa napata kimya cha nusu dakika. Kinatoka wapi?

#1 Kinyozi wa Mabibo
Wakuu, habari za jioni.

Nina saluni ya kiume Mabibo, si mbali na Mahakama ya Ndizi. Muziki napiga kwa simu yangu, imeunganishwa na spika kubwa iliyo juu ya kioo. Apu ni mojawapo ya hizi za bure. Jina sitaji, maana najua mtaacha swali mkaanza kugombania apu.

Kero ilikuwa matangazo. Kila nyimbo tatu nne anaingia mzungu na Kiingereza chake, tangazo lilelile asubuhi mpaka jioni. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa hosteli alikuja kunyoa, akachukua simu yangu, akaingia kwenye mipangilio, sehemu ya DNS binafsi, akaandika anwani fulani. "Tayari braza, umeachana nayo."

Kweli matangazo yamekufa. Ila palepale yalipokuwa yanaingia sasa panaingia kimya. Nimekipima kwa saa ya ukutani: mara sekunde 30, mara 15. Wimbo unaisha, inabaki mashine tu inaunguruma. Jana mteja kafumbua macho akaniuliza, "LUKU imeisha?" Na mashine iko kichwani kwake inanyoa.

Hiki kimya kinatoka wapi?

#2 Pweza wa Feri
Hata mimi ninacho hicho. Naweka kambi hapa.

#3 Fundi Redio
Hicho kimya ndiyo tangazo lenyewe, ila limekuja bila sauti.

Iko hivi. Wimbo na tangazo mara nyingi havitoki kapu moja. Wimbo unatoka seva moja, tangazo linatoka nyingine, pengine ya kampuni nyingine kabisa. DNS ni kama kitabu cha simu: apu inauliza "seva ya matangazo iko wapi?", na ile anwani uliyowekewa inaidanganya. Inaipa 0.0.0.0, yaani kiwanja kisichokuwepo. Apu inakwenda kubisha hodi, hapana mtu.

Lakini ratiba ilishapangwa. Baada ya wimbo wa tatu, nusu dakika ni ya mgeni. Mgeni hakuja, kiti chake kimebaki wazi. Na ndiyo maana unapata 30 na 15, kwa sababu hivyo ndivyo vipimo vya kawaida vya matangazo ya sauti. Ungekuwa mtandao mbovu, leo ungepata 7, kesho 22.

#4 Mbishi wa Keko
Fundi, umejifunga goli mwenyewe. Kama DNS inajibu papo hapo kwamba hapana mtu, apu inasubiri nini nusu dakika nzima? Ukizuia matangazo kwenye saiti za habari, ukurasa unafunguka haraka zaidi, haukai ukimlilia mgeni. Mimi nasema ni makusudi. Wamekushtukia, wanakukomoa mpaka uzime mwenyewe.

#5 Binti Chang'ombe
Yaani mtu akae Stockholm na kahawa yake, aangalie ramani, aseme "huyu kinyozi wa Mabibo leo atanitambua"? 😂

#6 Kinyozi wa Mabibo
Dada, mimi sijataja Stockholm.

#7 Binti Chang'ombe
Haya, mtu wa kokote.

#8 Kaka Mkubwa wa Ubungo
Ni mtandao tu. Mabibo jioni hosteli nzima iko hewani, mnategemea nini? Zima hiyo DNS uone kama kimya hakitabaki palepale.

#9 Kinyozi wa Mabibo
Nimezima sasa hivi. Kimya kimeondoka, mzungu karudi.

#10 Kaka Mkubwa wa Ubungo
Basi ni hiyo DNS iko mbali. Kila swali linavuka bahari na kurudi.

#11 Mbishi wa Keko
Kuvuka bahari na kurudi ni milisekunde, mkuu. Nusu dakika swali linazunguka dunia mara ngapi?

#12 Mjuzi wa Apu
Kukomoa watu si hadithi, japo si lazima iwe ndiyo hii ya Kinyozi. Spotify, wale wa Stockholm, walipoingia Tanzania mwaka 2018 walikuta watu tayari wanatumia programu zilizochezewa. Mwaka huohuo, kabla hawajauza hisa New York, waliandika wenyewe kwenye nyaraka zao kwamba watu wapatao milioni 2 wanasikiliza bure na matangazo wameyaziba. Kuanzia tarehe 1 Machi 2019 masharti yao yakakataza vizuia matangazo waziwazi, ukikamatwa akaunti inaweza kufungwa.

#13 Pweza wa Feri
Mjuzi, rekebisha mwaka. 2018 waliingia Afrika Kusini, na mwishoni mwa mwaka nchi za Kiarabu, Misri na Moroko zikiwemo. Sisi tumefunguliwa Februari 2021, kwenye lile kundi la nchi zaidi ya 80. Kabla ya hapo wabongo walikuwa wanaingilia dirishani kwa VPN.

#14 Mjuzi wa Apu
Kweli, ni 2021. Asante. Hayo mengine yako palepale.

#15 Kiba wa Vingunguti
Kwa waliosema programu iliyochezewa, chondechonde. Mimi niliitoa APK, yaani faili la apu, kwenye kundi la Telegram, imeandikwa "kila kitu bure". Miezi miwili raha mustarehe, nyimbo naruka ninavyotaka. Asubuhi moja naingia, akaunti hakuna. Orodha zangu za nyimbo za miaka mitatu zimekwenda nazo. Na wiki hiyohiyo barua pepe yangu ikawa inatuma ujumbe kwa watu nisiowajua. Sisemi ni APK ile. Sisemi siyo.

#16 Msimamizi
Viungo vya APK visiwekwe humu. Endeleeni.

#17 DJ wa Tabata
Matangazo mnayachezea, yamenivua nguo ukumbini.

Harusi ya mtu wa maana, kompyuta yangu siku hiyo imegoma, nikasema nitapiga kwa simu, akaunti ya bure. Bibi harusi anaingia, taa zimezimwa, wimbo wake aliouchagua mwenyewe, watu wamesimama na simu zao juu. Kafika katikati ya ukumbi, wimbo ukaisha. Nilijua kinachofuata nimeshakipanga. Kikaingia tangazo la dawa ya mbu, tena kwa sauti kuliko muziki.

Bibi harusi akasimama. MC akanitazama. Shangazi yake bwana harusi akapiga kigelegele, akidhani ndiyo imepangwa, na meza yote ya upande wa bwana harusi ikamfuata. Mpaka leo kuna watu Tabata wanaamini ile harusi ilidhaminiwa.

#18 Binti Chang'ombe
😂😂😂 Ilidhaminiwa! Nimecheka mpaka kondakta kaniuliza nashuka wapi.

#19 Mwanasheria wa Uswazi
DJ, hapo kuna kosa kubwa kuliko la tangazo. Akaunti hizi, ziwe za bure au za kulipia, masharti yake kwa kawaida ni matumizi binafsi. Kupiga muziki hadharani, ukumbini, baa, kwenye basi, ni haki nyingine inayolindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, na ina leseni yake. Na saluni pia ni hadharani, Kinyozi.

#20 Kinyozi wa Mabibo
Mwanasheria, mimi nimeuliza kimya. Usiniletee wageni kibandani.

#21 Mbishi wa Keko
Mwanasheria, na kuzuia matangazo kwenyewe ni kosa?

#22 Mwanasheria wa Uswazi
Tenganisha mambo mawili. Kuna programu ya kuzuia, na kuna mkataba uliobonyeza "Nakubali" bila kusoma. Ujerumani, kampuni ya magazeti ya Axel Springer iliwashtaki wenye Adblock Plus, na Aprili 2018 mahakama ya juu ya huko ikasema huo si ushindani usio halali. Springer hawakukata tamaa, walirudi mahakamani kwa mlango wa hakimiliki. Hiyo ni ya Ujerumani na ya kurasa za magazeti, msiibebe mzimamzima mkaileta mahakama ya Kisutu. Wewe mwenye akaunti unabanwa na mkataba. Wakikufungia hawahitaji hakimu.

#23 Dada wa MB
Mimi nazuia kwa sababu moja tu: bando. Nilipe MB zangu kusikiliza mtu akiniuzia kitu?

#24 Fundi Redio
Dada, tuhesabu kwanza. Apu ikipiga kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde, hiyo ni kilobaiti 12 kila sekunde. Tangazo la sekunde 30 ni kilobaiti 360, theluthi ya MB. Saa moja ukipata matangazo matano ni MB 1.8. Muziki wenyewe saa hiyohiyo umekula MB 43. Anayekumaliza ni msanii wako, si mwenye tangazo.

#25 Dada wa MB
Umehesabu sauti. Yale ya video yanayojileta ukigusa skrini je?

#26 Fundi Redio
Hapo umenipata. Video ya megabiti 1 kwa sekunde, nusu dakika ni karibu MB 4. Tano za hivyo ni karibu nusu ya muziki wako wa saa nzima.

#27 Dada wa MB
Ahsante. Naendelea kuzuia.

#28 Mtayarishaji wa Manzese
Nimesoma kimyakimya mpaka hapa, ngoja niseme. Mimi natengeneza singeli. Mnapozuia matangazo mnadhani mnamkomoa mzungu. Msikilizaji wa bure halipi, tangazo ndiyo nauli yake. Fedha inaingia chunguni, sisi wenye nyimbo tunagawana kulingana na usikilizwaji. Tangazo lisipopigwa halihesabiwi, chungu kinapungua, lakini wimbo wangu umeusikiliza wote na umeucheza.

Na chungu chenyewe cha matangazo ni kidogo. Spotify mwaka 2023 waliingiza takriban euro bilioni 13.2, na matangazo hapo yalikuwa kama bilioni 1.7 tu, ingawa wasikilizaji wa bure ndio wengi. Tangu 2024 wimbo usiochezwa angalau mara 1,000 ndani ya miezi 12 kwao haulipwi kitu. Kuna ngoma zangu za vigodoro vya Tandale kila mtoto anazijua, kwenye apu zina mia nne. Kwa nini? Kwa sababu mmezipata WhatsApp.

#29 Mbishi wa Keko
Pole sana, lakini kwa hesabu hiyo mimi kuzuia matangazo matano nimekunyima senti ngapi? Wewe tatizo lako ni WhatsApp, siyo DNS.

#30 Mtayarishaji wa Manzese
Kila mmoja akisema "mimi nimekunyima senti ngapi" ndiyo nalala na mia nne.

#31 Mzee wa Idhaa
Vijana hamjambo. Enzi zetu Redio Tanzania ilikuwa na Idhaa ya Biashara, na matangazo yaliimbwa. Watoto waliyashika kuliko nyimbo zenyewe. Hapakuwa na cha kuzuia, ukizima redio umezima na taarifa ya habari na salamu zako. Ulikuwa unatuma kadi ya salamu, unakaa wiki tatu na sikio redioni usikie jina lako. Tangazo likiingia kati husogei, jina lako laweza kuwa ndilo linalofuata.

#32 Pweza wa Feri
Shikamoo mzee. Kwa hiyo hata zamani walijua mahali pa kuliweka.

#33 Mzee wa Idhaa
Marahaba. Walijua sana.

#34 Kijana wa Hosteli
Nadhani mimi ndiye niliyemwekea Kinyozi hiyo DNS 😅 Kama siyo mimi ni mwenzangu, sote tunanyoa hapo.

Nami nina nadharia. Zipo huduma ambazo tangazo halitoki seva nyingine, linashonwa humohumo kwenye mkondo wa wimbo kabla haujafika kwenye simu. Spotify walitangaza kitu cha namna hiyo kwa podikasti zao Januari 2020. Hapo DNS haioni kitu, maana tangazo na wimbo vina anwani moja. Labda apu ya Kinyozi ni ya mchanganyiko: nafasi imeshonwa, sauti inaletwa kutoka nje. Ukikata sauti, nafasi inabaki.

#35 Mbishi wa Keko
"Labda ni ya mchanganyiko." Hiyo ndiyo nadharia ya Fundi umeivisha kanzu.

#36 Kiba wa Vingunguti
Kushonwa kuna cha zaidi. Nyimbo za kushusha za Mdundo, ile huduma ya muziki, tangazo limo ndani ya faili lenyewe, mwanzoni. Hata uwe porini bila mtandao linapiga. Na kabla yao wenye blogu zetu walishafanya: unashusha wimbo, kabla ya gitaa anaingia dada anataja jina la saiti, katikati anarudi tena. Mimi kuna wimbo nimeuzoea hivyo, nikiusikia redioni bila yule dada naona umepungua.

#37 Binti Chang'ombe
Na waliokuwa wanaingiza nyimbo kwenye memori kadi Kariakoo je? Mia tano unajaziwa mia mbili, kumi zake ni DJ anajisifu.

#38 Mama Ntilie wa Posta
Niulize swali langu hapohapo. Juzi nimeongea na mume wangu habari ya mabati, chumbani, simu iko kwenye mto wa kulalia. Asubuhi naweka muziki, tangazo la mabati! Hizi apu zinatusikiliza?

#39 Mjuzi wa Apu
Mama, bila hata kusikiliza wanajua kiasi: umri ulioandika, mahali ulipo, unachosikiliza. Na mumeo je, hakutafuta mabati kwenye simu yake kwa intaneti hiyohiyo ya nyumbani?

#40 Mama Ntilie wa Posta
Alitafuta. Lakini aliniambia hana hela.

#41 Pweza wa Feri
Mama, huo ni uzi mwingine 😂

#42 Mjuzi wa Apu
Turudi kwa Kinyozi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini tangazo lilikuwa lilelile kutwa nzima. Matangazo huuzwa kwa nchi na kwa aina ya msikilizaji. Kama walionunua nafasi za Dar ni wachache, seva haina cha kubadilisha, inarudia lilelile, au inaweka la apu yenyewe linalokubembeleza ulipie. Huenda kimya nacho ni hivyo: siku nyingine hakuna aliyenunua nafasi kabisa, na DNS yako inasingiziwa.

#43 Kinyozi wa Mabibo
Mbona nikizima DNS kimya hakuna hata mara moja?

#44 Mjuzi wa Apu
Hapo sina jibu.

#45 Fundi Redio
Kiti wazi. Nimesema tangu namba 3.

#46 Mbishi wa Keko
Na mimi nimesema tangu namba 4.

#47 Kaka Mkubwa wa Ubungo
Si ulipie tu, Kinyozi? Kunyoa vichwa viwili vitatu umemaliza mwezi.

#48 Kinyozi wa Mabibo
Nilijaribu. Inataka kadi ya benki, kadi yangu ikakataliwa mara tatu, ya nne benki wakanipigia kuuliza kama nimeibiwa. Zipo zinazopokea hela ya simu, naambiwa, ila orodha yangu yote ya nyimbo iko huku.

#49 Kijana wa Hosteli
Kwa wa kompyuta, Firefox yenye kizuia matangazo cha uBlock Origin bado inafanya kazi. Chrome wamebadilisha kanuni za viongezi, uBlock Origin yenyewe imeondolewa, imebaki ndogo yake. Sisemi mtumie, Mtayarishaji ananitazama.

#50 Mtayarishaji wa Manzese
Nakutazama kweli.

#51 Kinyozi wa Mabibo
Wakuu, nimerudi, samahani nilipotea. Nilikuwa na msiba Morogoro.

Sasa sikilizeni. Nimekaa Morogoro siku nne. Simu ileile, laini ileile, DNS ileile sijaigusa. Usiku kwenye turubai vijana wakaomba muziki wa taratibu, nikawapigia. Siku nne zote: tangazo hakuna na kimya HAKUNA. Wimbo kwa wimbo. Nikasema labda wamerekebisha. Jumapili nikapanda treni ya umeme kurudi, sikioni nina muziki, Ngerengere safi, Ruvu safi, Soga safi. Tumefika Pugu, wimbo umeisha, kimya. Nikahesabu. Sekunde 30.

#52 Dada wa MB
Poleni kwa msiba.

#53 Pweza wa Feri
Poleni sana Kinyozi. PUGU?!

#54 Mjuzi wa Apu
Ndiyo nilichosema namba 42! Nafasi zimenunuliwa kwa ajili ya Dar. Morogoro hakuna aliyenunua, kwa hiyo hata kiti hakikuwekwa.

#55 Mbishi wa Keko
Na tangazo la apu yenyewe la kubembeleza ulipie, Morogoro nalo halifiki? Wewe mwenyewe ndiye uliyesema lipo.

#56 Kaka Mkubwa wa Ubungo
Ni minara. Nilisema mtandao mkanicheka.

#57 Fundi Redio
Kinyozi, kule turubaini ulikuwa unapiga za mtandaoni au ulizokwisha kuzipakua kwenye simu?

#58 Kinyozi wa Mabibo
Za mtandaoni. Nadhani. Usiku ule sikuwa naangalia simu.

#59 Fundi Redio
Basi hatujui kitu bado. Lini unarudi Morogoro?

#60 Kinyozi wa Mabibo
Arobaini ni tarehe 14.

#61 Fundi Redio
Nenda na simu mbili. Moja ina DNS, moja haina, apu ileile, wimbo uleule, zote za mtandaoni. Andika kila stesheni.

#62 Kinyozi wa Mabibo
Nitachukua ya mke wangu. Ila yake ina kaswida tupu.

#63 Mbishi wa Keko
Kaswida nazo zinakatwa na matangazo?

#64 Kinyozi wa Mabibo
Zinakatwa. Ndiyo maana na yeye anataka kuwekewa hiyo DNS.